Karatasi Inasema Tumeshaonana

"Nimekuja kukuona, mama wakili," alisema yule mwanamke kabla hajaketi, "maana karatasi inasema tumeshaonana."

Alikuwa fundi cherehani wa makamo, na utepe wa kupimia ulikuwa bado umening'inia shingoni mwake. Akaweka mezani nakala ya hati ya kiapo. Ilieleza kwamba yeye, mjane, alifika katika ofisi hiyo kwa hiari yake, akaapa kuwa haidai tena nyumba aliyoachiwa na mumewe, na kwamba shemeji yake aichukue. Chini palikuwa na jina lake na sahihi ambayo hakuijua. Kando ya sahihi hiyo ulikaa muhuri wa bluu, umenyooka, haujapinda hata kidogo.

Muhuri huo wakili aliujua. Katika jengo zima hakuna mwingine aliyepiga muhuri ukanyooka namna ile, na kwa miaka kumi na miwili alijivunia jambo hilo kama wengine wanavyojivunia mwandiko mzuri.

"Keshokutwa hakimu anaamua kama nitoke," fundi alisema. "Cherehani zangu zote zimo sebuleni mle. Nikasema nije nikutazame usoni. Labda nilikuja nikasahau."

"Hukuja," wakili alijibu. Jibu lilimtoka kabla hajalipima.

Kila Ijumaa mchana alikuwa akitia sahihi na kupiga muhuri kurasa za mwisho za viapo, karatasi tupu zisizo na jina la mtu, akaziacha kwenye droo ya mkubwa wa ofisi ili wateja wasikwame siku ambazo yeye yuko mahakamani. Ndivyo alivyofundishwa. Waliita jambo hilo kuwasaidia watu, na kwa kuwa lilifanywa na watu waliovaa tai, hakuna aliyethubutu kuliita uvivu.

Akamwomba fundi amsubiri, akaenda chumba cha pili. Mkubwa wa ofisi, aliyemlea kikazi tangu hajui hata kuvaa joho, alikuwa akikoroga chai.

"Mzee, ulimwona huyu mama akitia sahihi?"

"Nilimwona shemeji yake. Si familia moja?"

"Mzee!"

"Mwanangu, usikuze mambo. Ukiitwa, sema humkumbuki. Unaona watu wangapi kwa mwezi? Kutomkumbuka mtu si uongo." Akanywa funda moja. "Ukisema vingine, mimi nimekwisha, na wewe leseni yako imo mashakani. Kamati ya nidhamu unaijua. Haina utani."

Wakili aliyaonja maneno hayo, akayakuta matamu. Hakuna kazi nyingine aliyoijua, wala hakutaka nyingine. Angeweza kujitia hamnazo na maisha yakaendelea. Ila neno la fundi lilikataa kumtoka kichwani. Labda nilikuja nikasahau. Mtu mzima, mwenye akili zake timamu, alikuwa ameanza kuishuku akili hiyo kwa sababu tu muhuri ulikuwa umenyooka. Hapo hasira ilimpanda, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe.

"Mzee, heshima yangu kwako haitapungua, na kesho nitakuamkia kama kawaida," alisema. "Lakini leo naapa."

Akafungua droo, akazitoa karatasi tupu zilizobaki, akazitia kwenye bahasha ziwe kielelezo. Mzee hakumzuia. Alikuwa ameacha kukoroga chai.

Alichapa kiapo chake bila kujipamba. Lakini wakili hawezi kujiapisha mwenyewe. Ilibidi aende mbele ya mwenzake. Ghorofa ile ile walikuwamo watatu ambao wangempigia muhuri bila hata kuinua macho. Aliwapita wote, akavuka barabara pamoja na fundi, akapanda kwa Bwana Soma Tena.

Jina hilo la utani alipewa na mawakili wenzake, kwa kuwa kila aliyefika kwake kuapa alilazimishwa kusoma hati yote kwa sauti. Wateja walimkimbia. Aliyejua kumwigiza vizuri kuliko wote, akawavunja watu mbavu, ni wakili huyu huyu aliyekaa sasa kwenye foleni yake.

"Kitambulisho," Bwana Soma Tena alisema zamu yake ilipofika.

"Jamani, si tulisoma darasa moja?"

"Najua. Kitambulisho."

Akapekua mkoba mzima huku fundi akijizuia kucheka. Mwanamume yule akaitazama picha, akamtazama yeye, akairudia picha.

"Soma."

Akasoma. Alipofika penye maneno "muhuri huu niliupiga kwenye karatasi tupu, wala mama huyu hakuwahi kufika mbele yangu", sauti ilikwama.

"Soma tena," akaambiwa, kwa upole ambao hakuwahi kuuigiza.

Akasoma tena, kwa sauti iliyowafikia waliokaa kwenye benchi nje ya mlango.

"Wewe ndiye uliyetajwa humu?"

"Ndiye mimi."

Akainua mkono, akaapa, akatia sahihi. Bwana Soma Tena akauchovya muhuri wake wa zamani kwenye wino, akaugandamiza kwa nguvu zake zote.

Fundi, ambaye macho yake yalizoea kukagua mishono, akainama kuutazama. "Umepinda," alinong'ona.

"Uache hivyo hivyo," wakili alisema, akaipokea hati kwa mikono miwili.