Safu ya Saba

Jina la Mama Jeli alibandikwa na wenzake wa maabara ya hospitali, maana kwa miaka kumi na moja kazi yake ilikuwa kumimina jeli, kuipakia vinasaba vya bakteria wa tumboni, kuwasha umeme na kungoja mistari ijipange. Kila ukoo wa bakteria una mistari yake. Safari hii zililetwa sampuli za wagonjwa sita wa tumbo; walitoka mitaa sita, hawajuani hata kwa salamu, lakini mistari yao ilifanana kama shilingi kwa ya pili. Kilichowakutanisha ni kimoja: wote walimezeshwa mpira wa kamera, ule wa kuchungulia tumbo, siku ileile moja, hospitalini hapohapo.

Shangazi yake aliyemlea alikuwa na miadi ya mpira huohuo Jumatatu. Basi Mama Jeli akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Akausuuza mpira, akayapima yale maji, akayaweka safu ya saba ya jeli, kando ya wale sita. Loo! Mistari ileile.

Mkuu wa maabara aliitazama picha ya jeli ile, akaguna. Akasema watu hawa wanakula uchafu mmoja, sasa utaalamu wa nini. Kwamba dawa ya kusafishia mpira iliisha miezi mitano nyuma, na yeye ndiye anayetia saini kuwa ipo, hilo hakuligusa. Alitoa mkasi, akaikata safu ya saba taratibu kama fundi cherehani, akaitupa kapuni.

"Ripoti inakwenda na sita. Tia saini."

"Saba, natia. Sita, tia wewe."

"Unajua wangapi wanaitaka kazi yako?"

"Waite. Waje waone na hiki." Mama Jeli akainama kapuni mbele ya macho ya mkuu, akakitia kipande mfukoni.

Jumatatu barua ya kusimamishwa kazi ilimkuta kwenye mlango wa chumba cha kamera, mkono mmoja umeushika mwimo, mwingine una kipande cha picha. Alikuwa akiwaambia wagonjwa kuwa mpira haujaoshwa kwa dawa. Foleni ikanung'unika. Namba moja alikuwa shangazi, kalishika tumbo kwa mikono miwili.

"Shangazi, usiumeze."

"Mwanangu, nimengoja miezi minne. Leo wakinifuta, nirudi lini? Nipishe."

Nyuma walianza kusukumana. Mama Jeli hakusogea. Shangazi akainama, akapenya chini ya mkono wake, akapanda kitandani na kufungua kinywa.