Mama Mchungaji Asimame

"Mama Mchungaji asimame atusalimie," alisema Mzee Mwau kwenye kipaza sauti, na wanawake wawili wakasimama.

Mbula alikuwa ameshainuka, Biblia kwapani, kabla hajamwona mwenzake. Miaka ishirini na miwili aliitwa hivyo katika kanisa hili la Nunguni, na miguu yake ilikuwa imezoea kuitikia bila kumwomba ruhusa. Upande wa pili wa kanisa alisimama Kavindu, mke wa mchungaji mpya, binti wa juzi tu, kitambaa cha kichwa kimepigwa pasi kikanyooka. Walikuwa wamehamia wiki hiyo. Mchungaji Musyimi, mumewe Mbula, alikuwa na miezi mitatu kaburini.

Funguo za nyumba ya kanisa alizirudisha mwenyewe, wala hakulalamika. Hakuna aliyemwambia kwamba na jina lingerudishwa.

"Samahani, mama," Mwau alisema. Huyu Mwau alikuwa amekula kwake Jumapili zisizo idadi, na sasa alimkodolea macho akitafuta la kumwita, asilipate. "Nilikuwa nasema yule... yule mama mchungaji wetu."

Watu waliinamisha vichwa. Mbula alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini alijua kwamba akiketi sasa hatasimama tena humu ndani. Atahamia benchi la nyuma, kisha la mlangoni, kisha atabaki nyumbani. Hakuketi.

Kavindu alisalimia harakaharaka kama desturi itakavyo: jina, wokovu, shukrani. Kisha, badala ya kumrudishia Mwau kipaza sauti, alivuka akamkabidhi Mbula kwa mikono miwili.

"Bwana asifiwe," Mbula alisema.

"Amina."

Hapo sasa ilibidi ataje jina. Alishtuka kugundua kwamba humu ndani hajawahi kulitamka, wala hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Kwa majina naitwa Mbula."

Wayua, aliyekuwa akiomba naye kila Alhamisi miaka yote hiyo, aligeuka polepole kutoka safu ya kwaya, mkono mdomoni.

"Mbula?" aliuliza. "Kumbe unaitwa Mbula?"

Aliitikia kwa kichwa, kipaza sauti bado mkononi, akawasubiri wampe amina yao.