Mkono wa Kulia wa Mzee Mdoe

"Huyu wa mbele ameshika nini?" Muhsin aliuliza, akiinama mpaka pumzi yake ikagusa kioo cha kompyuta.

"Hajashika kitu," Rukaya alisema. "Mkono umeishia hapo."

Muhsin, mwenye studio ya picha, alijua hata kabla ya kuuliza. Korogwe nzima ilimjua Mzee Mdoe, baba yake Rukaya, aliyekatwa kiganja cha kulia na mashine ya kuchakata mkonge mwaka uleule shamba lilipotoka kwa serikali likaenda kwa mwekezaji. Sasa mwekezaji alitaka kalenda ya mwaka 2005, na wafanyakazi wa zamani waliitwa nao wapigwe picha. Mzee Mdoe alikunja shati hadi kwenye kiwiko, akasimama mbele kabisa, akainua kigutu chake usawa wa kifua.

"Wanione," alimwambia binti yake siku ile. "Kalenda hukaa ukutani mwaka mzima. Watanitazama kila wakitafuta tarehe."

Muhsin akakohoa. "Meneja wa shamba amepiga simu. Anataka mkono urudishwe. Anasema wanunuzi wa nje hawapendi kuona mambo hayo."

"Ni baba yangu, kaka Muhsin."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba kwa upole. Basi la Dar linapita saa nane. Sidii ya kalenda isipokuwemo, kazi anapewa mtu wa Tanga, sisi tunabaki na picha za pasipoti. Na picha za pasipoti hazihitaji watu wawili."

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake.

Dirisha lilikuwa limezibwa kwa turubai ili vumbi lisiingie kwenye mashine, na joto lilikaa mle ndani kama mgeni asiyeaga. Rukaya aliwahi kuuza machungwa Segera miaka miwili, akikimbilia madirisha ya mabasi. Alijua vizuri kilichokuwa nje ya mlango ule. Chakula cha baba yake kilitoka kwenye kiti hiki.

Akaanza na yasiyouma. Aliongeza milimita tatu kila upande, zitakazoliwa na kisu cha kiwanda cha uchapaji huko Dar. Akazigeuza rangi za kioo kuwa rangi nne za wino; kijani cha mkonge kikafifia, akakipandisha. Akahakikisha kila inchi ina nukta mia tatu, picha isije ikatoka na ukungu. Haikuwa na ukungu. Mishono ya kigutu ilihesabika, yote tisa. Yeye ndiye aliyekuwa akiiosha kidonda kilipokuwa kibichi.

Alijaribu kwanza mkono wa kijana aliyesimama pembeni. Haukumkaa, ulikuwa laini mno. Basi akaunakili mkono wa kushoto wa baba yake mwenyewe, akaugeuza kama unavyogeuka kwenye kioo cha kujitazamia, akaupachika. Ulikaa kana kwamba haukuwahi kuondoka. Hilo ndilo lililomtisha.

Saa nane kondakta aliipokea sidii dirishani mwa basi, likaenda.

Alipofika nyumbani Kilole, Mzee Mdoe alikuwa kizingitini akichambua maharage.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ile picha vipi?"

"Imekwenda Dar."

"Mkono unaonekana?"

Neno moja tu lingetosha, na wangekula kwa amani. Rukaya akakaa chini, mbele yake.

"Inaonekana yote miwili, baba."

Vidole vya mzee vikasimama ndani ya ungo.

"Nani kaniwekea?"

"Mimi."

Jirani alikuwa akitwanga. Mzee akainua macho kutoka kwenye ungo.

"Mkono wa nani?"

"Wako. Huo wa kushoto. Niliugeuza."

Mzee Mdoe akauweka ungo kando. Akauinua mkono wa kushoto, akautazama mgongo, akautazama kiganja, akaugeuza tena. Mzee akausogeza mkono ule taratibu hewani, hadi pale mwenzake wa kulia alipokomea, akauacha hapo, vidole vimekunjuka, akiutazama.