Hatamu ya Shaba

Farasi Clonmore alishinda mbio za Derby pale Curragh akiwaacha wenzake mbali mpaka aibu, na kaunti nzima ya Kildare ikalewa. Siku hizi kila mtu anadai alimwekea dau. Waongo watupu! Walimcheka, wakamwita punda wa Malachy. Malachy ndiye mimi. Nilimtunza tangu enzi za mbio, na alipostaafu tukaja pamoja shamba hili, yeye kazi yake kupanda majike.

Kazi ile ina utaratibu wake. Farasi dume ana hatamu mbili. Ya kamba ni ya kwenda malishoni, au kwa daktari. Ya ngozi, yenye lijamu ya shaba mdomoni, ni ya kwenda kwa jike tu. Ukizichanganya hata mara moja, farasi haamini tena mkono wako. Clonmore akisikia tu shaba ikilia, alisimama kwa miguu ya nyuma. Watoto wake wameshinda mpaka Ufaransa.

Ujana ni moshi. Mbegu ziliisha, kisha kwato za mbele zikaharibika kwa ndani, akawa hawezi kulala wala kusimama. Jumatatu bosi wetu, Bi Dervla, akaja na Daktari Cathal wa mifugo na bunduki yake.

"Mtoe nje, Malachy," Bi Dervla akasema bila kunitazama.

Nikamvalisha ile ya kamba. Lo! Clonmore alimnusa daktari, akarudi nyuma hadi kwenye kona ya banda, akatetemeka mpaka jasho likamtoka. Kila nikivuta, miguu ile mibovu inateleza.

"Basi nimmalizie humo humo," akasema daktari.

"Kwenye kona, kama panya? Koma, Cathal! Baba yako alikuwa na adabu kuliko wewe."

"Haya, mtoe basi, mzee. Sina siku nzima."

Sikuhisi kitu. Nilikuwa hivyo tangu asubuhi, mwili mzima ganzi, hata chai haikuwa na ladha. Nikaenda kuitungua ile ya shaba. Ilikuwa imeshika vumbi.

"Malachy, usifanye hivyo," akasema Bi Dervla. Alishaelewa.

"Niacheni."

Shaba ikalia, masikio ya Clonmore yakasimama. Akakunja shingo, akainua mkia, akatoka anacheza juu ya kwato zile zile zilizokuwa zinamuua. Uani akalia ule mlio wake wa kuita. Kutoka malishoni jike mmoja akamjibu. Clonmore akageukia huko, na daktari akafyatua.

Miaka yote ile sikuwahi kumdanganya, hadi siku hiyo.

Nilitaka kulia, nikashindwa. Nilirudi nyumbani, pale pale kando ya malisho, na mke wangu Bríd akanipakulia viazi na nyama. Nikala.

"Mbona kisu hukigusi, unakula kwa mkono mmoja?" akaniuliza.

Nikatazama chini. Hatamu ya shaba ilikuwa bado mkononi; sikumbuki hata nilimvua saa ngapi. Na huko nje yule jike alikuwa bado anaita.