Jumamosi ya Kwenda Gyeongju

"Supu haipandi gari langu! Nimeshasema, haipandi!"

"Kwani ina miguu ipande yenyewe? Nitaipakata mimi."

"Uipakate kwa mapaja hayo hayo yaliyomwaga kabichi ya kimchi mwaka juzi tulipokwenda kuzika? Mpaka leo nikifungua mlango wa nyuma, harufu ndiyo inayonisalimia."

"Bwana Pyo, tuheshimiane. Ule ulikuwa mfuniko. Mapaja yangu hayana kosa."

Bwana Pyo na Mama Mirae wanapakana ukuta kwa ukuta, na sijui siku waliyowahi kuelewana. Wakigombea majani ya mti yanayoangukia ng'ambo, wanakuja kugombana kwangu saluni, kwa sababu kwao hakuna watazamaji. Saluni yangu iko kwenye kichochoro nyuma ya soko, hapa Daegu. Ina viti viwili vya wateja na benchi moja la wasio wateja, na hilo benchi ndilo halikauki watu. Sikatai. Bila makelele mikono yangu haifanyi kazi.

Siku hiyo kwenye kiti alikaa Mama Taegon, kichwa kizima rola, dawa ya kalikiti inamchuruzika shingoni. Alikuja mapema makusudi. Kalikiti ikiwa mpya humfanya mtu afanane na kondoo, na yeye alitaka ifike Gyeongju imeshalegea, ionekane kama nywele alizozaliwa nazo.

"Supu iende," alisema, macho kwenye kioo. "Mjukuu wangu hajawahi kula chakula cha mkono wangu."

Basi Bwana Pyo akairuhusu supu.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Mama Taegon ni mjane, na Taegon ndiye mwanawe wa pekee. Alipotaka kuoa, alimleta nyumbani mwanamke aliyekwisha kuachika, na mama akasema huyo hapiti mlango wangu. Taegon akamwoa. Mama hakwenda arusini. Kwetu mama wawili ndio wanaotangulia ukumbini kuwasha mishumaa, wa bibi arusi na wa bwana arusi. Mshumaa wa upande wa Taegon uliwashwa na shangazi yake, Okbun, dada wa marehemu baba yake, na watu walionong'ona siku ile nadhani wengine wananong'ona hadi leo. Tangu hapo Taegon hakumpigia mama yake simu wala hakupokea zake. Akahama, akabadili namba. Mjukuu akazaliwa, msichana, na bibi yake akapata habari sokoni, kwa muuza samaki. Na sisi tukaendelea kumwita Mama Taegon, Mama Taegon, asubuhi na jioni, maana ndilo jina tulilonalo.

Sasa kiangazi hiki, joto lilipoanza kushika, Okbun akaja na ujumbe. Taegon alikuwa amemwambia: "Shangazi, kiwanda kinanihamishia Poland, mimi na familia. Mwambie mama, kabla sijaondoka, Jumamosi ya wiki ya siku yake ya kuzaliwa, tukutane Gyeongju, pale kwenye mnara wa mawe baba aliponipiga picha. Nitamleta mtoto na mama yake. Akija, nitajua amemkubali mke wangu, yamekwisha. Asipokuja, basi, shangazi, usiniletee tena habari zake."

Mama Taegon alikuja kunipa habari hiyo akiwa na kiatu mguu mmoja.

Tangu siku ile kichochoro chote hakikuwa na kazi nyingine. Siku yake ya kuzaliwa huangukia siku tatu baada ya sikukuu ya mavuno, joto likiwa limekwisha na mwezi ukiwa umetoka kujaa, kwa hiyo tulikuwa na muda wa kutosha kugombana. Alilia hawezi kwenda peke yake, miguu itamkatika njiani. Ndipo Bwana Pyo, dereva mstaafu, akalitoa gari lake, na Mama Mirae akajitolea yeye mwenyewe bila kuombwa. Mimi nikasema nafunga saluni siku mbili.

Tulipanga kila kitu. Jumamosi asubuhi tungefika, yeye angekwenda mnarani, sisi tungekaa mbali kwenye majani, chini ya vile vilima vya makaburi ya wafalme, tukila ile mikate midogo ya Gyeongju ya maharage mekundu na kujifanya hatumjui. "Utajifanyaje humjui, nawe sauti yako inasikika hadi Busan?" Bwana Pyo alimuuliza Mama Mirae. Usiku tungelala nyumba ya wageni yenye sakafu ya kupasha moto, na mwana, mke na mtoto wakikubali, wangelala na mama yao chumba kimoja. Jumapili, hekaluni. Tulibishana kama mtoto anakula pilipili. Tulibishana kama mama amshike mkwewe mkono kwanza au amshike mjukuu. Hilo ndilo lililochukua muda mrefu kuliko yote, na mwisho Mama Taegon mwenyewe akaamua.

"Mkwe kwanza," alisema. "Nimemkosea yeye, sijamkosea mtoto."

Kwa mwanamke yule, aliyeweza kumnunia mtu mpaka mtu akahama, hayo hayakuwa maneno madogo. Hata kwenye benchi watu walitazamana.

Basi, turudi kwenye ile siku ya rola. Supu ya mwani, ile tunayompikia mtu siku yake ya kuzaliwa, ilikuwa imeshapewa ruhusa, na sasa ugomvi umehamia kwenye sufuria ipi, mlango ukafunguliwa. Okbun. Kwa kawaida akiingia hutukana kwanza joto, halafu ngazi za kituo cha treni, ndipo anasalimu. Siku hiyo alisimama tu, mkoba kaukumbatia.

"Okbun, karibu, mbona unasimama kama mgeni?" nikamwambia. "Mama Mirae, sogea huko."

Hakukaa. Alimtazama Mama Taegon kupitia kioo.

"Wifi. Alishakwenda."

"Nani kaenda wapi?"

"Taegon. Gyeongju. Alishakwenda, wifi. Tangu mwezi wa nane."

Mama Mirae alicheka kidogo. "Mwezi wa nane kwenda kufanya nini? Siku yenyewe bado."

Okbun aliongea moja kwa moja, kama mtu anayetapika. Sikukuu inakaribia, akampigia Taegon kuuliza kama watakuja kwenye ibada ya wazee waliotangulia kabla ya kusafiri. Simu ikaita mlio wa nchi za nje. Kumbe wameshahama, wako Poland. Akamuuliza, na mama yako je, na Gyeongju je? Taegon akamwambia, nilikwenda. Tulikaa pale kutwa. Hakuja.

"Lakini siku bado!" Mama Mirae alisema tena, safari hii sauti imepungua.

Mimi nilielewa kabla haijasemwa, na nadhani Mama Taegon alielewa kabla yangu, maana niliona mkono wake ukitafuta ukingo wa kiti.

Sisi watu wa rika lake siku zetu za kuzaliwa huhesabiwa kwa mwezi mwandamo, unaochelewa mwezi mmoja hivi nyuma ya kalenda ya kawaida. Yake ni tarehe kumi na nane mwezi wa nane, ya mwezi mwandamo. Karani akaandika kumi na nane, nane, basi, bila kusema ni mwezi wa kalenda ipi. Kwenye kitambulisho ndivyo ilivyo, na hatujali, maana kila mtu nyumbani anajua. Au tuseme, mama wa nyumba anajua. Wanaume wa kwetu hawajui tarehe yoyote. Siku ya baba kufa, siku ya babu, siku ya kuzaliwa ya nani, mama ndiye anayehesabu kila mwaka, halafu anapiga simu: kesho kutwa, usisahau, vaa suti. Taegon alikua hivyo. Siku zote alikuwa na mtu wa kumwambia. Na mtu huyo ndiye aliyeacha kuongea naye.

"Ni mkewe aliyeiweka kwenye simu," Okbun alisema. "Aliiona tarehe kwenye karatasi za ndoa, akaiweka. Simu imehesabu kwa kalenda ya kawaida. Na wifi..." Akameza mate. "Kila mwaka simu ikilia siku hiyo, yule mwanamke anapika supu ya mwani. Wanakula. Anamwambia mtoto, leo bibi yako kazaliwa."

Dawa ilikuwa inanuka chumba kizima. Nikajikuta nawaza siku ile, katikati ya Agosti, Jumamosi. Tulikuwa hapa hapa. Joto lilikuwa la kuua, feni zote mbili zinazunguka, tumekata tikiti maji, na Mama Taegon amekaa pale mlangoni, miguu kwenye beseni la maji, anatuchekesha akieleza jinsi atakavyoingia Gyeongju kama malkia. Kutoka hapa hadi kule, kwa treni, huwezi hata kumaliza usingizi wa mchana.

"Alikuja na mtoto?" Mama Taegon aliuliza.

"Alikuja naye."

"Jua lile lote?"

"Anasema walimwekea mwavuli. Akapata vipele vya joto shingoni. Akawa anakimbilia kila bibi kizee anayepita, anauliza, ni huyu?"

Mama Mirae alifunika uso. Bwana Pyo alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Si apigiwe sasa hivi?" alisema. "Aambiwe! Ni kalenda, jamani, si dhambi. Kila mwaka nchi hii watu wanakosea siku za kuzaliwa. Leta namba, nitaongea naye mimi, kiume."

"Nimemwambia," Okbun alisema. "Unafikiri sikumwambia? Nimemwambia ni mwandamo, mwanangu, mama yako anajiandaa, hata nywele anatengeneza. Unajua alinijibu nini? Alisema: 'Shangazi, mama yangu hajawahi kukosea tarehe hata moja maisha yake yote. Ya babu wa babu yangu anaikumbuka. Angetaka kuja, angeuliza ni kalenda ipi. Hakuuliza kwa sababu alitafuta njia ya kutokuja bila lawama.' Nikamwambia hapana. Akasema, 'Umewasha mshumaa wake, sasa unamtungia na sababu.' Akakata. Jana nimepiga, leo nimepiga. Haipatikani."

"Nipe nimwandikie," Mama Mirae alisema akilia. "Nitamwandikia mimi kwamba nilikuwepo, tulipanga, mpaka sufuria..."

"Utamwandikia wapi?" Mama Taegon alisema. Hakuwa na hasira. "Na akisoma, atasema nimewafundisha."

Nilitaka nimwambie kwamba siku moja atarudi. Mtu wa saluni ana maneno kama hayo mengi, yanatoka yenyewe. Nilimtazama kwenye kioo na yakakataa kutoka. Alikuwa akijitazama na zile rola, mwanamke wa miaka sabini aliyevikwa plastiki kichwani.

"Ana haki," akasema taratibu. "Mimi ningekuwa yeye, nisingeamini. Kweli sijawahi kukosea. Na kweli sikuuliza. Nilifurahi mno, nikasahau kwamba kwake hakuna wa kumhesabia."

Dawa ikikaa kupita muda inaunguza, na ilikuwa imeshapita. Nikamshika bega, nikampeleka kwenye sinki. Alilaza kichwa nyuma, nikafungua maji ya vuguvugu, nikatoa rola moja moja. Alifumba macho. Huwa nawaambia wateja wangu kwamba kwenye sinki mtu anaweza kulia na asijulikane, lakini yeye hakulia. Niliosha mpaka harufu ikaisha, halafu nikaendelea kuosha tu, kwa sababu sikujua nikimwinua nitamweka wapi. Nyuma yangu nilimsikia Bwana Pyo akimpa Mama Mirae kitambaa chake, na Mama Mirae akakipokea bila kutukana.

Nywele zilitoka vizuri. Hilo ndilo lililoniuma. Nilimkausha, nikamwonyesha nyuma kwa kioo cha mkono kama ninavyomwonyesha kila mtu, na yeye akaitikia kwa kichwa kama kila mtu anavyoitikia.

"Chumba cha Gyeongju kifute," aliniambia.

"Twende hivyo hivyo," Bwana Pyo alisema. "Kubadili hewa tu. Mimi nitaendesha."

"Nikakae pale niwatazame watoto wa watu?"



Nilimsindikiza. Okbun alikuwa ametutangulia kutoka, nikadhani ameshakwenda zake, lakini tulimkuta mwisho wa kichochoro, nje ya lango la Mama Taegon, mkoba bado kaukumbatia. Mwanamke yule alikuwa amepoteza wote wawili kwa mkupuo mmoja, mpwa asiyepokea simu na wifi aliyemletea msiba. Alijua kwamba kuanzia leo hana tena la kuleta katika nyumba ile. Kazi yake ya ujumbe ilikuwa imekwisha.

"Wifi, nakwenda," alisema. "Nilitaka tu... nakwenda. Treni."

Mama Taegon alifungua lango. Alisimama hapo, ametupa mgongo, zile nywele mpya zikitikisika kidogo kwa upepo. Nilidhani atalifunga. Mimi nimemwona akilifunga lango lile kwa wengi.

"Umetoka asubuhi?" aliuliza bila kugeuka.

"Asubuhi."

"Umekula?"

Okbun alitikisa kichwa. Kisha akaona kwamba mwenzake hatazami, akasema, "Hapana. Lakini sina njaa, wifi. Kweli sina."

"Nami sina," Mama Taegon alisema. "Wali upo tangu asubuhi. Ingia, tule."

Akalisukuma lango, akaliacha wazi.