Mashine Tatu za Mkaguzi

Kibao changu cha nje kimeandikwa HAKUNA KISICHOTENGENEZEKA. Nimekaa nacho miaka kumi na saba bila kukishusha hata siku moja. Pasi, birika, blenda, feni, wewe lete tu. Watu wengine hutundika picha za harusi yao. Mimi nina kibao, na ukinichokoza juu ya kibao hicho tutagombana.

Sasa nikwambie habari za Mkaguzi. Huyu ni jirani wa mtaa wa pili, mzee aliyekagua magari ya watu miaka thelathini na moja mpaka akastaafu. Alipostaafu magari yakapumua, taabu ikahamia jikoni kwa mkewe. Mtu aliyezoea kuingia uvunguni mwa lori kutafuta kasoro huwezi kumwambia akae sebuleni asome gazeti. Akasoma kwenye simu yake, sijui wapi, kwamba juisi ya matunda kila asubuhi inasafisha damu. Basi akaamua kusafisha. Lakini si kwa mashine yoyote tu, thubutu! Bwana mkubwa alitaka kwanza ajue mashine ipi ndiyo bora kwa matumizi ya kila siku, maana dunia nzima ilikuwa imekaa inamsubiri yeye atoe jibu.

Akanunua mbili kwa mpigo, pamoja na daftari.

Siku ya kwanza alikuja na ile ya kasi, ameikumbatia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hii imekufa jana. Na ilikuwa inaongoza."

"Inaongoza nini?"

"Mashindano," akasema, akafungua daftari juu ya kaunta yangu bila kuuliza kama kaunta ina kazi nyingine.

Haya, nikasomewa. Ya kasi unaitupia karoti nzima, chujio lake lenye meno linazunguka kama feni, na dakika moja haijaisha glasi imejaa. Ubaya wake ni povu juu, makapi bado yana maji, na kelele za kuamsha mtaa. Ya pole ina parafujo nene inayosaga tunda taratibu. Juisi yake nzito, makapi yanatoka makavu kabisa, kelele karibu hakuna. Ila kila kitu lazima ukikate vipande vidogo vidogo, na mpaka glasi ijae, njaa imeshakuuma.

"Na kuosha je?" nikauliza, maana kwa mashine za juisi hilo ndilo swali.

"Kuosha sijapima."

Naam. Aliyekuwa anapima kuosha hakupewa daftari.

"Mimi naipenda hii ya kasi," akaendelea. "Ikishawaka, husikii kitu kingine."

Nikaifungua. Waya wa kwenda kwenye swichi ulikuwa umekatwa, tena kwa unyoofu. Nikamwambia ni panya, ingawa panya wa kukata hivyo angekuwa amesomea. Dakika arobaini, kazi imekwisha. Mzee alikuwa ameshaenda zake, kwa hiyo aliyekuja kuichukua ni mkewe, mama mmoja mpole, mfupi, anayeongea kama anaomba radhi.

"Umeshaitengeneza?" akaniuliza. "Upesi hivi?"

"Dakika arobaini, mama."

Uso ukamshuka. Mimi, kwa akili zangu nyingi, nikadhani ameshangazwa na ufundi.

Wiki mbili hazijapita, huyo mama na ile ya pole. Parafujo imekwama, haiendi mbele wala nyuma. Akaiweka mezani, akasema kwa sauti ya chini, "Nadhani hii haifai tena, eh? Usijisumbue sana, fundi. Hata ikikaa mwezi mzima si neno."

Usijisumbue! Ananiambia mimi! Mwezi mzima! Jamani, kuna matusi ya mdomoni na kuna matusi ya upole, na haya ya upole ndiyo yanachoma. Nilikula chakula changu cha mchana nimesimama siku hiyo. Ndani nikakuta kipini cha kijiko cha chai kimevunjika na kuzama kwenye meno, na jino moja la parafujo limeng'oka. Spea hakuna mji mzima. Nikachonga jino mwenyewe kwa kipande cha plastiki ngumu, nikapiga msasa mpaka likakaa sawasawa, na kesho yake saa nne nikaipeleka nyumbani kwao kwa mkono wangu. Nani alinituma? Hakuna. Nilitaka tu mama yule auone uso wangu.

Mkaguzi alifurahi sana. Akanikamulia glasi nzima ya nanasi, zabibu na chungwa, akanisimamia mpaka nikaimaliza, akaniuliza naipa alama ngapi. Mkewe alikuwa anaosha vyombo, ametupa mgongo.

Mara ya tatu mama alikuja peke yake, asubuhi, sijamaliza hata kufagia. Ilikuwa ile ya kasi tena. Nikaifungua mbele yake, nikakuta mota yote imegandwa na vitu vyeupe. Nikaonja kwa ncha ya kidole. Chumvi.

"Mama," nikasema, "nyumbani kwako kuna mtu anamwaga maji ya chumvi kwenye mota."

"Ni mimi," akasema. "Na kijiko ni mimi. Na ule waya ni mimi, kwa kisu cha mkate. Mwanangu, hebu nipe pa kukaa."

Nikamsogezea stuli.

Akanieleza. Macho ya mzee yalianza kuona ukungu mwanzoni mwa mwaka. Akajikokota hospitali, wakamkagua macho, wakamtoa damu, na majibu hakurudi kuyachukua. Aliyeyachukua ni yeye mama. Sukari iko juu vibaya, na vile vishipa vya nyuma ya jicho vimeanza kuvuja. Daktari alisema dawa, alisema chakula cha kupima, na akasema mtu mwenye hamu ya chungwa atafune chungwa moja, asikamue kumi akayanywa kwa pumzi moja. Akiendelea alivyo, macho yataondoka, na yakiondoka hivyo hayarudi.

"Sasa si umwambie?"

"Nikifungua mdomo tu, anabonyeza swichi. Nikipaza sauti, anaongeza karoti." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Vidonge viko kabatini, pakiti haijafunguliwa. Anasema daktari yule ni mtoto, ndevu zenyewe hana. Anasema damu yake anaisafisha mwenyewe."

Akatoa lile daftari kwenye mkoba. Ameliiba asubuhi hiyo ili nione. Kurasa za kwanza mwandiko ni mdogo, umenyooka, mwandiko wa mtu aliyejaza fomu maisha yake yote. Kadiri nilivyofunua, herufi zikawa zinanenepa. Ukurasa wa mwisho maneno matatu yamejaa karatasi nzima, na la tatu limeteleza nje ya mstari.

"Usiitengeneze," akasema. "Nakuomba. Sema imekufa. Ile nyingine nitaileta, useme nayo imekufa. Watu wanasema wewe hujawahi kushindwa. Ukisema wewe, ataamini."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Dakika arobaini! Nimejisifu kwa dakika hizo wiki nzima, nimewasimulia mpaka wateja wa pasi. Na jino la plastiki nimelichonga mwenyewe, nimelipiga msasa, nimelipeleka mlangoni mpaka ndani. Mama wa watu anapigana peke yake na kisu cha mkate, na mimi ninakuja nyuma yake kwa haraka kubomoa anachojenga, tena nataka nipongezwe.

Lakini nisijifanye malaika. Hata hapo nilikitazama kibao kabla sijamjibu.

Mchana Mkaguzi akaja. Kwangu walikuwepo wateja wawili, mwenye pasi na mwenye feni, na wote wawili ni watu ambao ukiwapa neno asubuhi, jioni limefika sokoni.

"Tayari?" akauliza.

"Haitengenezeki, mzee."

Mwenye pasi akageuka taratibu, kama mtu aliyesikia redio ikimtaja jina.

"Nini?" Mkaguzi akauliza.

"Mota imekwisha. Haitengenezeki. Na ile ya pole nayo haitapona, nilichofanya siku ile ni kubahatisha tu."

Loo! Nilisemwa siku hiyo. Mzee alianza na elimu yangu, akahamia kwenye mikono yangu, akatoka mpaka nje akakisoma kibao kwa sauti, herufi kwa herufi, kwa sababu ni kikubwa na anakijua kwa moyo. Alisema magari mabovu aliyokuwa anayafungia barabarani yalikuwa na heshima kuliko mimi. Mwenye feni alicheka mpaka akakohoa. Halafu, wafadhili wangu hawa, wakachukua vyombo vyao na kuondoka, kila mmoja na haraka yake ya ghafla.

Mkaguzi hakuondoka. Akainua mfuko aliokuja nao, akatoa kitu cha chuma chenye mkono mrefu.

"Ya mkono," akasema. "Unaweka nusu chungwa, unavuta. Haina waya. Haina mota. Karoti haiwezi, lakini kuosha ni rahisi, nimepima. Hii hata wewe huwezi kushindwa kuitengeneza. Na hakuna wa kuiharibu."

Hilo la mwisho alilisema polepole, na hakuwa ananitazama.

"Nani aiharibu, mzee?" nikauliza.

"Fundi, unadhani mimi mjinga?" Akakaa kwenye stuli. "Watu wamenificha breki mbovu kwa kila namna unayoijua, na nilizikuta. Sasa nitashindwa kujua waya uliokatwa kwa kisu cha jikoni kwangu? Hata hicho kijiko, vilikuwa sita kabatini, nikahesabu vitano."

"Kama ulijua, mbona ukanyamaza?"

Alikuwa anauvuta mkono wa ile mashine juu na chini, tupu, bila chungwa.

"Kwa sababu nikisema najua, itabidi nimuulize kwa nini anafanya hivyo," akasema. "Nikimuuliza, atanijibu."

Hasira zangu zote zikaniishia mwilini. Nilikuwa nimeshaandaa maneno makali ya kumrudishia kuhusu magari na heshima, nikayameza.

"Kamuulize, mzee."

"Siwezi. Niambie wewe."

"Si kazi yangu hiyo. Mke wako ndiye..."

"Wewe si mke wangu," akanikatiza. "Ukiniambia wewe, nitaweza kukasirika. Akiniambia yeye nitalia. Haya, sema. Najua alikuja hapa."

Nikazima redio. Nikamwambia yote, sukari, vishipa vya jicho, vidonge, na lile neno kwamba yakiondoka hayarudi. Sikumpunguzia hata moja. Akakasirika kweli, kama alivyoahidi. Aliniita mmbea, aliniita fundi wa makopo, akapiga kaunta kwa kiganja mpaka skrubu zangu zikatawanyika sakafuni. Nikamwacha apige. Alipochoka akabaki amekaa, mikono magotini, anahema.

"Anajua tangu lini?" akauliza.

"Tangu mwezi wa tatu."

Akahesabu kwa vidole, mzee mzima, mmoja mmoja.

"Miezi minne," akasema. "Miezi minne analala na hilo pembeni yangu. Na kila asubuhi nampa glasi aonje, namuuliza anaipa alama ngapi."

"Anakupa ngapi?"

"Kumi," akasema. "Kila siku ananipa kumi."

Akasimama, akashika fremu ya mlango kwanza ndipo akashuka ngazi, akaelekea nyumbani. Ile ya mkono aliiacha juu ya kaunta, na hajatuma mtu kuifuata.