Vikombe Arobaini vya Ravna

Ravna Somby alikuwa amepanga vikombe arobaini kwenye meza ndefu ya ukumbi wa kijiji, na watu walioketi walikuwa saba tu. Sajini Gunnvor Bakkejord alisimama mlangoni akikung'uta theluji kwenye buti, akahisi damu ikimpanda kichwani. Ante, mwana wa Ravna na mwenzake kikosini, alizaliwa hapa hapa Ravdojok. Aliwatafutia watu hawa kulungu wao wa kufugwa waliopotea, akawatengenezea injini bila kudai chochote, akawavuta kutoka kwenye matope kila theluji ilipoyeyuka. Leo amezikwa, na hawakuja hata kunywa kahawa ya mazishi yake.

Kati ya hao saba, wawili hawakuwa wa kijiji. Kanali Løvenholt alikuwa ametua na ndege asubuhi kutoka Oslo, yeye na shada la maua na luteni wa kumbebea shada. Aliketi karibu na dirisha, jua la Machi likimeta kwenye vifungo vyake, akitafuna keki kama mtu aliyealikwa arusini.

"Wengine wamechelewa?" Gunnvor alimuuliza Elle, shangazi yake Ante, aliyekuwa akikata jibini.

"Hawajachelewa. Hawaji," Elle alisema bila kuinua macho. "Nyumba ile haijawahi kuingiza hata bia ya Krismasi, mwanangu. Mume wa Ravna, Mungu amrehemu, alihubiri miaka thelathini kwenye kusanyiko letu kuhusu chupa na maangamizi yake. Leo mwanawe anakufa mlevi juu ya pikipiki ya theluji, chupa mfukoni. Jeshi limeandika. Waje waseme nini?"

Gunnvor alijua jeshi limeandika nini. Chini ya karatasi ile kulikuwa na sahihi yake.

Kikosi chao hakikuwa na jina. Kwa miaka minne walikuwa wakiwawinda Wazamaji. Ndivyo walivyowaita viumbe wale waliotoka ng'ambo ya anga, wakashuka kimya kwenye maziwa ya kaskazini na kujificha chini ya barafu. Viumbe hao walifuata joto. Injini, jiko, mwili wa mtu, vyote kwao vilikuwa chakula. Wakubwa waliamua kwamba dunia isiambiwe. Kwa hiyo kila mwanajeshi alipokufa kilihitajika kisa, na huko Oslo walikuwa na visa vitatu vilivyokwisha kuandikwa, vimeachiwa tu nafasi ya jina: maporomoko ya theluji, ajali ya barabarani, na kwa watu wa kaskazini, ulevi juu ya pikipiki ya theluji. Hicho cha tatu ndicho kilichoaminiwa haraka kuliko vyote. Mtu wa kaskazini anakunywa, nani asiyejua? Hakuna aliyefunga safari kuja kuuliza Ante alikuwa mtoto wa nani.

Na Ante ndiye aliyegundua kilichokuwa kwenye ziwa la Ravdojok. Hakutumia chombo chochote.

"Kulungu wa mama hawataki kuvuka," alisema. "Tangu vuli wanalizunguka ziwa lote. Kulungu hajichoshi bure, wewe mla samaki."

Gunnvor alitoka pwani, na Ante hakumwacha asahau hata siku moja.

Kikosi kilipofika ziwani, Wazamaji tisa walikuwa tayari wanasogea chini ya barafu kuelekea ukingoni, kwenye majiko ya kijiji. Wanajeshi wakatega upesi baruti katikati ya ziwa, lakini huko katikati hapakuwa na kitu cha kuwavuta Wazamaji. Ante hakuomba ruhusa. Alipanda pikipiki yake, akaenda hadi katikati, akamwaga mafuta akayatia moto, kisha akaanza kuuzunguka moto huku injini ikinguruma. Wazamaji wakageuka, wote tisa. Gunnvor, aliyesimama karibu na ukingo na kifyatulio cha baruti mkononi, aliona vivuli vyao vikipita chini ya buti zake.

"Ondoka sasa!" alipiga kelele kwenye redio.

"Nikiondoka watanifuata hadi jikoni kwa mama." Ante alikuwa akihema. "Bonyeza, mla samaki. Na umwambie mama nilivaa soksi zake."

Akabonyeza.

Saa mbili baadaye, kijiji kikiwa kimeambiwa mlio ule ni mazoezi ya jeshi, Kanali alimwekea Gunnvor karatasi mbele. "Shahidi wa ajali. Utaratibu tu. Weka sahihi hapo chini." Akaweka. Hakusoma hata mstari mmoja.

Sasa Ravna alikuja na birika. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, amevaa vazi lake la buluu la sherehe, mgongo wima kama mti wa hema. Alisimama mbele ya Gunnvor.

"Wewe ndiye mla samaki," alisema.

"Ndimi, mama."

Ravna aliweka birika mezani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulimwona akinywa?"

Gunnvor alimtazama Kanali. Kanali aliacha kutafuna, akatikisa kichwa taratibu, vile mtu anavyomkataza mbwa wake asibweke mbele ya watu.

"Mama Ravna," Kanali alisema kwa sauti laini, "sisi sote tunateleza. Kijana alikuwa na mawazo mengi. Hakuna anayemlaumu."

"Hakuna anayemlaumu!" Elle alidakia, akionyesha vikombe vitupu kwa kisu cha jibini. "Na hivi vikombe vinangoja nini, basi? Vinaota jua?"

Luteni akakohoa. Gunnvor alinyoosha mkono akachukua kijiko. Kwenye kahawa ya mazishi, anayetaka kumzungumzia marehemu hugonga kikombe, na akishagonga hakuna wa kumkatiza. Aligonga kwa hasira hadi kikombe kikafanya ufa.

"Sajini," alisema Kanali, "kaa chini."

"Amegonga," Elle alisema. "Sijui kwenu. Kwetu aliyegonga husikilizwa."

Gunnvor hakuwahi kusema mbele ya watu, hata watu saba.

"Ante hakunywa," alisema. "Si siku ile, si siku nyingine yoyote niliyomjua. Hiyo karatasi ni uongo. Niliitia sahihi bila kuisoma, na aibu hiyo ni yangu, siwezi kumtupia mtu mwingine. Lakini aliyeiandika ameketi pale anakula keki yenu! Alitaka uongo, sawa, angesema amezama. Angesema moyo umesimama. Alichagua ule uliokuwa rahisi kwake, akawaletea pamoja na maua." Alimgeukia Ravna. "Ante alikwenda katikati ya ziwa mchana kweupe, akili timamu, ili kilichokuwa chini ya barafu kisifike kwenye nyumba zenu. Mimi ndiye niliyelipua barafu. Aliniambia nibonyeze, nikabonyeza. Mama, alisema nikwambie alivaa soksi zako."

Ravna alishika ukingo wa meza.

Aliyefuata kusema alikuwa mzee Nils-Heika, jirani, aliyekuwa hajasema neno tangu makaburini. "Kulungu wangu walivuka ziwa jana," alisema polepole. "Mara ya kwanza tangu vuli. Nilishangaa sana." Akasimama, akachukua kofia yake, akatoka nje huku akitafuta simu mfukoni.

"Unajua ulichofanya?" Kanali alimwambia Gunnvor. Uso ulikuwa umemwiva. "Kuvunja kiapo cha siri ni kifungo cha miaka sita."

"Najua. Kiapo nilikisoma kabla ya kutia sahihi."

Ravna alikwenda hadi dirishani. Alichukua kikombe cha Kanali, akamwaga kahawa iliyobaki kwenye bakuli la makombo, akakirudisha juu ya kisahani kikiwa kimefudikizwa. Elle aliacha kukata jibini. Hapo Ravdojok hakuna aliyewahi kumwona Ravna akimnyima mtu kahawa, hata mkusanya kodi.

"Maua yako chukua," Ravna alisema. "Na hii karatasi chukua. Rudi huko uniletee nyingine, yenye mwanangu ndani yake."

Luteni aliokota shada. Kanali alisimama, akavuta koti lake, akamwangalia Gunnvor.

"Nakusubiri kwenye gari."

"Subiri. Nanywa kahawa kwanza."

Mlango ulipofunguliwa, mngurumo wa pikipiki za theluji uliingia kutoka upande wa pili wa ziwa, moja, kisha nyingine, kisha nyingi pamoja, zikikatiza moja kwa moja juu ya barafu mpya. Ravna aliinua birika, akaanza kumjazia Gunnvor. Kahawa ikachuruzika mezani.

"Kina ufa, mama. Nimekivunja mimi."

"Basi kunywa haraka," Ravna alisema, akipangusa macho kwa mkono wake mwingine. "Vingine nitavihitaji."